Volontia mwenye posho

Bado sijazalisha mama hata mmoja tangu nifike Bo, mji wa kusini mwa Sierra Leone, kama volontia kutoka Tanzania. Nalisema hilo mapema kwa sababu mama yangu kila akipiga simu swali lake la kwanza ndilo hilo, na la pili ni kama nakula. Nakula. Kazi ndiyo haijaanza. Shirika lililonileta lina utaratibu wake: mgeni ajifunze kidogo Krio, lugha ya huku, asaini makaratasi, akae semina ya usalama, ndipo akabidhiwe wodi. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Huku jembe limefungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko Freetown.

Kufika kwenyewe kulikuwa na vituko vyake. Uwanja wa ndege wa Sierra Leone hauko Freetown, uko Lungi, ng'ambo ya mlango wa mto, na mji mkuu unauona kwa taa tu. Ukishagongewa mhuri na kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, unapelekwa gatini, unavalishwa jaketi la kuokolea maisha, unaingizwa kwenye boti usiku. Iko barabara ya kuzungukia Port Loko, ila ni ndefu. Liko na pantoni la Tagrin kwenda Kissy, la bei nafuu na lisilo na haraka. Nilidhani Kigamboni imenimaliza kwa mambo ya vivuko. Wapi! Mvua ilikuwa inapiga, maji yanarukia dirishani, mimi nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na kijana wa kiti cha mbele amelala fofofo mpaka Aberdeen, upande wa Freetown.

Safari ya kuja Bo ilikuwa nyepesi. Lami safi, Masiaka watu wanakimbilia madirishani na mikate, halafu Mile 91, halafu Taiama kwenye daraja la mto, kijani kila upande. Pembeni ya barabara walituuzia wali na kisamvu. Kisamvu! Ila hakina nazi, kimepikwa kwa mawese, samaki wa kukaushwa na pilipili ya kumtoa mtu machozi, na kinaliwa kwa wali, siyo ugali. Huku mtu asipokula wali anahesabu hajala siku hiyo. Nimekubali sheria hiyo bila ubishi.

Nikaripoti ofisini. Aliyenipokea alisoma barua yangu, akanitazama, akachungulia mlangoni nyuma yangu kama kuna mwingine anayekuja. Hakuna. Sikuchukia. Hata mimi, ukiniambia "volontia", mtu anayenijia kichwani ni mwalimu wangu wa hisabati wa kidato cha pili, Mmarekani, mrefu, mwenye baiskeli. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps, mpango wa Marekani wa kupeleka volontia nje, mwaka 1961, kwa hiyo sisi tuna vizazi kadhaa vya watu waliofundishwa na volontia. Tulikuwa tunambishania yule mwalimu: wengine wanasema ni tajiri anayejificha, wengine wanasema kafukuzwa kwao. Hakuna aliyewahi kumuuliza analipwa nini. Tanzania na Sierra Leone zote mbili mpaka leo zimo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, na sasa mmoja wa waliofundishwa kapewa tiketi aende kufundisha kwa jirani wa kwenye orodha.

Wodini mapokezi yalikuwa mengine. Muuguzi mmoja wa makamo, baada ya kunisalimia kwa Krio, "Kushe, sista, aw di bodi?", aliniuliza kama natoka Uganda. Nikamwambia karibu na hapo. Akafurahi. Ebola ya 2014 hadi 2016 iliua karibu watu 4,000 nchini humu, zaidi ya 200 kati yao wahudumu wa afya, na Umoja wa Afrika ulileta madaktari na wauguzi, wakiwemo Waganda na Wakenya. Yeye anawakumbuka. Kwake mimi si kioja, ni mtu mwingine wa upande ule wa bara aliyekuja. Nilipumua.

Halafu msimamizi wa wodi akanizungusha kunitambulisha. Jina, na baada ya jina, bila kuulizwa: huyu ana pin code. Huyu hana. Huyu hana. Huyu naye hana, ni volontia.

Pin code ni namba inayomtambulisha mtu kwenye malipo ya serikali. Mtumishi yeyote wa Tanzania atanielewa nikisema ni cheki namba. Asiye nayo yupo wodini, kavaa sare aliyoshona mwenyewe, anashika zamu, anazalisha, anafuta damu, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Sehemu kubwa ya wahudumu wa afya wa nchi hii wako hivyo, wengine miaka na miaka. Wanaishi kwa biashara ndogo, kwa ndugu, na kwa shukrani ya mgonjwa anayeweza kushukuru. Tangu Aprili 2010 huduma kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano ni bure, na wanawake wanakuja. Kwenye semina tulionyeshwa mchoro: vifo vya uzazi 1,165 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2013, vikashuka hadi 717 mwaka 2019. Mchoro haukuonyesha ni mikono ya nani. Nafasi za ajira hazikuongezeka kwa kasi ya wajawazito, na pengo likazibwa na hawa.

Mimi nimekuwa mmoja wao. Baada ya chuo nilijitolea kwenye hospitali moja ya wilaya huko nyumbani nikisubiri ajira. Nililala kwa shangazi, nauli alinipa yeye, na kila tangazo la ajira likitoka tulikuwa tunakimbilia simu kama watu wa bahati nasibu. Wodini tulikuwa tunaitwa "wale wanaojitolea". Lawama zilitufikia kwa usawa na wenzetu, semina hazikutufikia.

Sasa naitwa jina lile lile, na nina nyumba yenye tangi la maji na sola juu ya bati. Nina bima ambayo ikibidi itanirudisha kwetu kwa ndege. Nina posho. Nyumbani niliaga kwa machozi, kanisani kwa jirani wakaniombea, msikitini wakaniombea, kila mtu anasifia moyo wangu wa kujitoa. Wasio na pin code wa Bo hakuna aliyewaombea, nadhani, kwa sababu hawajaenda popote.

Dada mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyeuliza habari ya posho. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, mimi kama mtazamaji tu, yeye ametoka kuzalisha. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, wananipa kiasi gani kwa mwezi. Kwenye semina walitushauri swali hilo tulikwepe. Nikamtajia. Sikuona ningekaaje miaka miwili kwenye benchi moja na mtu huku nimemficha hilo.

Alinyamaza akipiga hesabu. Mwaka 2022 walikata sufuri tatu kwenye leone, pesa ya huku, lakini watu bado wanahesabu kwa pesa ya zamani, hivyo posho yangu ikawa mamilioni ya kutisha. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akawaita wenzake, akawatajia, nao wakacheka. Mimi nangoja neno zito. Neno likaja: basi mchele wa Ijumaa ni wako. Ijumaa wanachanga, wanapika sufuria moja kwa zamu nzima.

Kilichonikosesha usingizi ni karatasi nyingine. Nimepewa mpango wa mafunzo wa miezi ya mwanzo, na orodha ya washiriki. Nikaiweka kando ya ratiba ya zamu. Walioandikwa ni wenye pin code, karibu wote wa mchana. Usiku, wakati akina mama wanapoletwa kwa okada, bodaboda za huku, kutoka vijijini wakiwa wameshachelewa, wodi iko mikononi mwa watu ambao hawamo kwenye orodha. Nimeuliza. Nimejibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba bajeti ya nauli na chai imepangwa kwa watumishi, na niandike barua pepe. Nimeandika. Sitegemei jibu la haraka.

Nikamwendea msimamizi wa wodi. Mama huyu hana maneno mengi. Alisema asubuhi haiwezekani, zamu ya usiku ikitoka inakimbilia sokoni, wana meza zao kule. Adhuhuri wanalala. Jioni, saa moja kabla ya kupokea zamu, hiyo inawezekana, iwapo hatutazidisha muda. Ukumbi una wenyewe, basi tutakaa kwenye korido. Somo la kwanza ni kutoka damu baada ya kujifungua: namna ya kukanda mfuko wa uzazi, na lini usiendelee kusubiri. Mwanasesere wa mazoezi bado hajafika. Yule dada wa usiku amesema ataleta kanga na mto. Chai ni juu yangu.