Wes Anderson, safari hii hapana

Jana usiku hapa Ngamiani, mimi na binamu yangu na sahani ya mihogo ya kukaanga, tumeangalia The Phoenician Scheme ya 2025, sinema ya mwongozaji Wes Anderson. Jamani, nimesikitika! Huyu bwana nampenda kweli. Sinema yake The Royal Tenenbaums ya 2001, Gene Hackman akijisingizia ana saratani ili arudi kwa familia yake, mpaka leo nacheka huku machozi yananilenga.

Hii nayo ni ya baba na mtoto. Tajiri Korda (Benicio del Toro) ndege zinaanguka naye, hafi, basi anamwita bintiye anayejiandaa kuwa mtawa aje amrithi. Kisa kitamu hicho! Ila wote wanaongea mbiombio kwa uso mkavu, mikakati ya biashara imepangwa kwenye maboksi ya viatu, hujui nani anamdai nani. Binti anamwambia babake usoni kwamba watu wanasema alimuua mamake, na mimi nimekaa naangalia rangi za ukuta. Binamu akaniuliza, "Kaka, hii sinema au duka la fanicha?"

Michael Cera tu, yule mwalimu wa wadudu, ndiye aliyenichekesha. Ikitoka nyingine nitaiangalia, lakini binamu kashasema nitafute mwenzangu.