Kazi ya mkono wa kushoto

Jumapili usiku. Kiganja cha kushoto kimevimba kidogo chini ya kidole gumba, na sababu yake siwezi kumwambia mtu kazini nisichekwe. Jana nilisimama kwa muda wa saa tatu mbele ya mashine ya gemu ya mwaka 1982.

Ni Robotron: 2084. Niliikuta katika ukumbi wa mashine za zamani, viungani mwa Chicago, kule unakolipa mara moja mlangoni kisha unacheza mpaka miguu ikatae. Na hapa ndipo kwao. Kampuni ya Williams iliyoitoa ilikuwa ya mji huu huu, na walioitunga ni Eugene Jarvis na Larry DeMar. Miaka sita nakaa hapa, na gemu ya utoto wangu ilikuwa mwenyeji wangu bila mimi kujua.

Tulikutana nayo Tanga, kwenye banda la gemu la jirani. PS2 mbili, televisheni mbili, na foleni ya watoto wanaotaka mpira. Mpira ulikuwa ghali kwa sababu kila mtu aliutaka. Mimi na binamu yangu tulikuwa na hela ya kuungaunga, kwa hiyo mwenye banda alikuwa anatuwekea diski ambayo hakuna aliyeigusa, yenye michezo zaidi ya 20 ya kizamani, tucheze dakika chache asubuhi kabla wateja wa kweli hawajafika. Ndani yake ndimo alimokuwa yule mtu mdogo, peke yake katikati ya skrini nyeusi, maroboti yamemzunguka pande zote. Hakuna ukuta wa kujificha wala mlango. Unazaliwa umeshazingirwa.

Mimi ni mashoto. Bibi, Mungu amrehemu, alinichapa mkono huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: mkono huu usilie chakula, usimpe mtu kitu, usimsalimie mkubwa. Ukawa mkono wa kufichwa mgongoni. Sasa fikiria nashika pedi ya PS2, na gemu inaniambia kulia piga, kushoto tembea. Watoto wote waliona kazi kubwa ni ya kulia, kwa kuwa ndiyo yenye risasi. Mimi niligundua mapema kwamba kulia ni kelele tu. Anayekufisha au kukuponya ni kushoto. Na kuna jambo lingine: katikati ya vurugu ile wanatangatanga watu, Mama, Baba na mtoto wao Mikey, na kumwokoa mtu ni kumgusa kwa mwili wako. Wa kwanza ni pointi 1,000, wa pili 2,000, hivyo hivyo mpaka 5,000. Kulia huua, kushoto huokoa. Nilitamani Bibi angeiona, ingawa najua angeuliza tu kwa nini sijafua sare.

Juzi nimesoma habari ambayo imenikaa kichwani. Jarvis alipata ajali ya gari, mkono wake wa kulia ukafungwa hogo. Alirudi kazini akiwa hawezi kutumia fimbo ya kuongozea na kitufe cha kupigia kama mashine nyingine zilivyotaka. Kabla ya hapo alikuwa akicheza sana Berzerk, gemu ya mwaka 1980, na lilikuwa likimkera lile la kulazimika kusimama ili upige upande unaoutaka. Ndipo ikaja fimbo ya pili, ya kupigia tu. Ajabu ni kwamba mwaka mmoja tu nyuma mtu huyu huyu alikuwa ametoa Defender, gemu yenye fimbo moja na vitufe vitano, ambayo mpaka leo naiona kama kuendesha lori kwa kucharaza kinanda. Robotron haina hata kitufe kimoja cha kufyatulia. Ukisukuma fimbo ya kulia upande wowote kati ya nane, risasi zinakwenda huko.

Kwa hiyo kila walipotaka kuipeleka nyumbani, swali lilikuwa lile lile: mkono wa pili tuupe nini? Kwa Atari 5200, mashine ya gemu ya nyumbani, waliweka ndani ya boksi kishikizo cha plastiki cha kubana rimoti mbili pamoja, wazo zuri, ila fimbo za mashine ile zilikuwa hazirudi zenyewe katikati. Atari Lynx, ya kushikwa mkononi, ilikuwa na msalaba mmoja tu wa kuelekezea, na mkono mmoja haulei mwana. Waliofanya akili ni wale wa Super Nintendo mwaka 1996: vitufe vinne vya kulia vimepangwa kama msalaba, basi kila kitufe kikawa upande wa kupigia, na ukibonyeza viwili unapiga mshazari. Sijui kwa nini Robotron X ya PlayStation, mwaka huo huo, iliona lazima iongeze kina cha 3D. Gemu ambayo raha yake ni kuona kila kitu kwa mara moja, unaifunika kwa kamera!

Hii ya PS2 tuliyocheza sisi ilikuwa na fimbo zake mbili tayari. Kwa miaka yote nimeamini nimeshaicheza gemu hii. Jana nimejua sikuwa nimeicheza. Pedi inachezwa na vidole gumba. Mashine inachezwa na mabega. Zile fimbo ni ngumu, zinagonga, na kishindo kinapanda mpaka shingoni. Mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu aliniambia nilegeze mkono wa kushoto, namnyonga kuku asiye na kosa.

Huyo mzee ndiye aliyenionyesha jambo la raundi ya tano. Ndiyo raundi ya kwanza yenye Brain, wale vichwa vikubwa wanaowageuza binadamu kuwa vitu vya kukukimbiza. Kuna mama wengi na Mikey mmoja tu. Kumbe kuna kosa kwenye programu: Brain wote wanamfuata Mikey, na maadamu yuko hai, mama hawaguswi. Wanaojua humwacha Mikey akimbie peke yake, wakawakusanya mama kwanza.

Sisi Tanga tulikuwa tunamkimbilia Mikey kabla ya wote. Ni mtoto, mtafanyaje? Kisha tunashangaa mama wote wamegeuzwa.

Nimemtumia binamu picha ya mashine na sauti ndefu nikimweleza haya yote. Amejibu muda mfupi uliopita, saa kumi na mbili alfajiri ya kwao, sauti bado ya usingizi: "Kwa hiyo jana ulimwacha Mikey?"

Nimemwambia ukweli. Nilijaribu mara mbili, mkono wa kushoto ukakataa.