Zabuni za Japani: bei ya chini mno nayo hukutoa

Ukishika neno nyūsatsu, zabuni, umeshika mlango tu. Kwenye tangazo, yaani kōkoku, tafuta kwanza aina yake. Ippan kyōsō ni ya wazi kwa kila mwenye sifa, shimei kyōsō ni ya walioalikwa, na zuii keiyaku ni mkataba usio na ushindani. Kwa bidhaa na huduma za wizara, sifa hiyo ni zen-shōchō tōitsu shikaku, yenye madaraja A hadi D. Iombe mapema, kwa sababu sheria inataka tangazo la serikali kuu litoke angalau siku 10 kabla ya siku ya zabuni, na kwa dharura 5 tu.

Kazi yenyewe iko kwenye bei. Yotei kakaku ni dari aliyoiweka mnunuzi: ukiivuka kwa yeni moja, hupati. Wote wakiivuka, hufuata saido nyūsatsu, yaani kuandika bei upya, mara nyingi papo hapo; kwa hiyo mwakilishi aende akijua atashuka hadi wapi, na abebe ininjō, barua ya uwakilishi.

Kinachowashangaza wageni ni saitei seigen kakaku, kiwango cha chini. Serikali za mitaa hukiweka hasa kwenye ujenzi, na zabuni iliyo chini yake hutupwa bila mjadala. Serikali kuu haina kiwango hicho. Bei ikitia shaka hufanya tei-nyūsatsu kakaku chōsa, uchunguzi wa kama kweli utaimudu kazi kwa fedha hizo. Naona ni utaratibu wa haki, maana bei ya kutupa huishia kwenye ujira wa mafundi na ubora wa kazi. Athari ya kile kiwango cha chini ni kwamba makampuni hukikokotoa hadi yanagongana kwenye namba moja, na mshindi hupatikana kwa kujibiki, kura ya bahati.

Sasa kodi, inayoponza wengi. Kwa kawaida fomu, nyūsatsusho, hutaka bei bila kodi ya matumizi ya 10%. Ukikusudia kulipwa yeni 11,000,000, andika 10,000,000. Kodi itaongezwa kwenye mkataba. Ukiandika jumla yote, umejipandishia bei mwenyewe. Ukikosea tarakimu usifute: kiasi kilichosahihishwa hubatilisha zabuni. Chukua fomu nyingine.

Ukiona huiwezi kazi, peleka jitai-todoke, taarifa ya kujitoa, kabla ya kaisatsu, ufunguzi. Kunyamaza tu huonekana utovu wa adabu, na kwenye shimei kyōsō mwalikaji ndiye anayeamua kama utaitwa tena. Na mshindani akikupigia kuuliza utaandika ngapi, usimjibu: hiyo ni dangō, njama ya kupanga bei, na ni kosa la jinai.