Makapi Machoni

Kwa miaka minne nilichora twiga na tembo Dar es Salaam, kwa mtindo ule aliotuachia Edward Saidi Tingatinga: rangi ya mafuta juu ya hadibodi, wanyama wenye macho makubwa. Twiga mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, tena dirishani mwa basi, pale Mikumi. Julai 2011 nikachoka. Nikafunga brashi na makopo, nikaenda kwa bibi, Mvumi, Dodoma.

“Mbukwenyi,” nikamwamkia. Akaitikia, akatazama makopo, akauliza kama nimekuja kupaka nyumba.

Nilikuta watu wanapura uwele. Kwetu Ugogoni mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, basi kiangazi hakuna anayehofia nafaka kulowa. Masuke hutandazwa uani yakapigwa kwa fimbo, na vumbi lake huwasha shingo na mikono mpaka unatamani kujivua ngozi. Baada ya hapo shangazi alisimama, akainua ungo juu ya bega, akamimina taratibu. Punje zikaanguka miguuni pake, makapi yakaenda zao na upepo. Jua la saa kumi na moja lilipopita katikati ya makapi yale, nikasahau twiga wote niliowahi kuwachora.

Nikachora siku tatu. Udongo mwekundu, tembe la jirani na dari lake bapa, kanga ya shangazi. Upande wa kushoto wa picha ulibaki mtupu, nikaujaza makapi ili macho ya mtazamaji yapate pa kutua. Nilijiona fundi kwelikweli.

Bibi akaja na fimbo yake. Akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

“Huyu ni nani?”

“Shangazi.”

“Umemkosea nini hata umtie makapi machoni?”

Kweli. Shangazi wa kwenye picha alitazama kushoto, na upepo wangu ulitoka nyuma yake ukimzungukia usoni, upepo usiokuwepo popote. Nikaanza kueleza habari za kujaza nafasi. Bibi hakungoja nimalize, akanipa ungo. “Simama ulivyomsimamisha.”

Nikasimama. Sikumaliza hata ungo mmoja. Nilipiga chafya, machozi yakanitoka, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Bibi akanishika mabega, akanigeuza ubavu kwa upepo. “Kiangazi hapa upepo unatoka mashariki. Hata kuku wanajua.”

Usiku ule nililala najikuna. Asubuhi nikafuta kushoto kote, nikamgeuza shangazi, nikayapeleka makapi magharibi, upande wa zizi. Kushoto pakabaki patupu, nikapaacha.

Jioni nikamwita bibi. Akatazama tena, safari hii akitikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali.

“Sasa mbona hakuna kuku?”

Rangi nyeupe ilikuwa imebaki chini ya kopo. Ikatosha kuku watatu.