Sahihi ya pili

Fimbo yenyewe ilikuwa ya mbao, ndefu kunizidi kimo, imechorwa alama za sentimita kwa wino mzito ambao dizeli ilikwisha kuanza kuufuta. Mtunza stoo aliipangusa kwa kitambaa, akaishusha taratibu ndani ya tangi mpaka ikagonga chini, akaipandisha na kunisogezea nione mwenyewe unyevu ulipoishia. Kisha akatoa mfukoni kadi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye jedwali la kugeuza sentimita kuwa lita. Tangi la mviringo likilazwa halihesabiki kirahisi: sentimita moja ya katikati hubeba mafuta mengi kuliko sentimita moja ya juu au ya chini, kwa hiyo bila jedwali unabahatisha tu. Alifuata mstari kwa kidole, akarudia, akaniangalia.

"Mama, iko elfu saba na mia moja makumi munane."

Mimi nilikuwa na jalada kwapani. Hati ya oda ilisema lita 8,000. Hati ya kupokelea mali ilisema lita 8,000. Ankara ya muuzaji ilisema lita 8,000. Hati tatu, namba moja, sahihi zote mahali pake, na kwenye ukurasa wa mwisho mstari mtupu ukisubiri sahihi yangu. Daftari la stoo lilionyesha kuwa kabla lori halijafika tangini mlikuwa na lita 1,150. Ukijumlisha, kisha ukatoa lita 360 zilizotumiwa na jenereta kwa siku mbili, tulipaswa kukuta karibu lita 8,790. Zilipungua lita 1,610.

Ilikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2016. Shirika silitaji, ni moja ya yale makubwa ya kimataifa yenye makao makuu Ulaya. Mimi nilikuwa mkuu wa utawala na fedha wa kanda, ofisi yangu ikiwa Nairobi, nikisimamia bajeti, ajira, ununuzi, majengo, magari na usalama wa ofisi za nchi saba. Nimestaafu sasa, na mpwa wangu aliyeajiriwa juzi kwenye shirika kama lile aliniuliza kazi hiyo ni ya kufanya nini hasa. Nilianza kumjibu kwa simu, nikaona ni bora niandike, maana kila nilipojaribu kueleza nilijikuta narudi kwenye lile tangi.

Kanuni za fedha za Umoja wa Mataifa, ambazo mashirika mengi ya jamii ile yanafuata kwa namna yake, zinataka malipo yapite kwenye mikono tofauti. Yupo anayethibitisha: yeye husema kasma, yaani fungu la bajeti, ipo, fedha imebaki, na matumizi haya yanahusiana na kazi iliyoidhinishwa. Yupo anayeidhinisha: yeye husema mali imefika au huduma imetolewa, na hati zinakubaliana. Halafu wapo wenye sahihi za benki. Anayethibitisha haruhusiwi kuwa ndiye huyohuyo anayeidhinisha. Wenzangu wa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, walipohamia mwaka 2015 kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa Umoja wa Mataifa, ambao jina lake lenyewe ni neno letu, Umoja, mfumo ulibeba mpangilio huohuo: ukishapewa jukumu moja, lile lingine huwezi kulishika. Ni utaratibu mzuri na ninauamini kwa moyo wote. Lakini mfumo hauwezi kushusha fimbo ndani ya tangi. Unaona hati tatu zinakubaliana, unakuwekea kitufe cha kubonyeza.

Sahihi yangu ilikuwa ya pili. Kwa miaka mingi nilidhani wa pili anakagua kazi ya wa kwanza, yaani anasoma karatasi kwa makini zaidi. Pale Goma ndipo nilipoelewa kwamba wa pili anatakiwa kujua kitu ambacho karatasi haikijui.

Sikuidhinisha lita 8,000. Niliandika pembeni ya ankara: "Nimepima mwenyewe mbele ya mtunza stoo na mlinzi wa zamu," nikaweka tarehe na saa, nikaidhinisha malipo ya lita 6,390. Jenereta ile ndiyo iliyoendesha majokofu ya chanjo ya zahanati tuliyokuwa tukishirikiana nayo, na muuzaji alitishia kutoleta tena hata tone. Usiku ule nilipigiwa simu mbili kutoka makao makuu. Sauti ya pili iliniuliza kama upungufu wa dola elfu mbili hivi una thamani ya kuhatarisha uhusiano na muuzaji pekee tuliyekuwa na mkataba naye. Nilijibu kwamba kama nitasaini kupokea mafuta ambayo hayapo, basi kesho nitasaini kupokea dawa ambazo hazipo. Hawakufurahi. Muuzaji alikubali baada ya siku nne.

Nilijifunza mapema, nikiwa bado mhasibu mdogo Arusha, kwamba utawala ukioza kila kitu juu yake kinaoza. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa imewekwa mjini kwetu, kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa. Mimi sikuwa mtumishi wake. Februari 1997 ilitoka ripoti ya Ofisi ya Usimamizi wa Ndani ya Umoja wa Mataifa, na mji mzima ukaizungumza. Ilieleza kuwa katika ofisi ya msajili hakuna hata eneo moja la utawala lililofanya kazi ipasavyo, na kwamba kitengo cha fedha hakikuwa hata na mfumo wa hesabu. Nilikuwa nikipita nje ya jengo lile kila asubuhi. Nilifikiri kuhusu mashahidi, watu walionusurika, wanaotakiwa kusafirishwa kutoka Rwanda, kupewa malazi salama, kulipwa posho ya chakula, kurudishwa nyumbani. Hakuna jaji anayeweza kumsikiliza shahidi ambaye nauli yake haijalipwa. Mabadiliko yalifanyika, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Siku ile magazeti yaliandika juu ya majaji, na ndivyo inavyostahili. Mimi niliwaza pia kuhusu mtu fulani kwenye dawati la safari ambaye kazi yake ilikuwa imefanyika sawasawa.

Mtu huyo analipwa na nani? Wafadhili wengi hupenda fedha yao iende moja kwa moja kwenye chanjo, vyandarua, mahema. Kwa fedha za hiari, Umoja wa Mataifa una kiwango cha kawaida cha asilimia 13 cha kugharamia uendeshaji, kilichowekwa na Baraza Kuu tangu 1980, na nimekaa vikao visivyohesabika vya kuvutana kuhusu viwango vya namna hiyo: kumi na tatu, nane, saba, "mwaka huu tusaidieni kwa tano." Ninaelewa hisia zao. Mwananchi wa kwao akiona fedha ya kodi yake imelipa mshahara wa mtunza stoo, anauliza maswali. Lakini anayepima mafuta amo humo ndani ya asilimia hizo. Ukizikata, mafuta yanabaki kwenye bajeti na mpimaji anaondoka.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sehemu iliyo ngumu kwangu kuiandika.

Jioni ya siku ile ya kupima tulikaa na mtunza stoo kwenye ukuta mfupi wa mawe meusi ya volkano, wa namna ile iliyojaa Goma. Alikuwa mtu mzima kunizidi, nikimwita Papa kama walivyomwita wote. Nilimuuliza imekuwaje akatia sahihi lita 8,000. Hakujitetea. Aliniambia lori lilifika saa moja usiku, yeye ameshaondoka ili asikutwe njiani na giza. Mlinzi alifungua geti, dereva akamimina mafuta mwenyewe, akaacha karatasi. Asubuhi Papa alikuta karatasi mezani, na juu yake waraka uliotoka Nairobi: hati zote za kupokelea mali zitumwe ndani ya saa 24, na ofisi itakayochelewa itaandikwa kwenye taarifa ya mwezi. Jenereta ilikuwa imeshawashwa usiku kucha, na watu wa oda walikuwa wakimpigia simu. Akasaini.

Waraka ule niliuandika mimi. Makao makuu yalikuwa yakilalamikia hati zinazochelewa, nami nilitaka kanda yangu iwe na takwimu nzuri. Takwimu zikawa nzuri.

Nikamuuliza kwa nini hakumwachia msaidizi wake zamu ya jioni. Aliniangalia kwa upole ambao sijausahau. "Mama, ule kijana alishaondoka. Poste yake mulifunga mwaka jana."

Nafasi ile niliifuta mimi, mezani Nairobi, kwenye jedwali lenye mistari mia na kitu.

Naomba nieleze ilivyotokea, kwa sababu ndicho kitu ambacho mpwa wangu atakutana nacho ndani ya miezi sita. Bajeti iliyopitishwa ni ruhusa ya kutumia. Fedha ni kitu kingine, nayo huja kwa wakati wake. Hata Umoja wa Mataifa wenyewe, ambao michango yake ya lazima imewekwa kwenye Ibara ya 17 ya Mkataba wake, unaishi katika hali hiyo. Nchi inayotozwa zaidi haivuki asilimia 22 ya bajeti ya kawaida. Ya chini kabisa hutozwa asilimia 0.001. Adhabu ya kutolipa, kwenye Ibara ya 19, ni kupoteza kura katika Baraza Kuu pale deni linapofikia michango ya miaka miwili kamili. Katikati ya hapo nchi inaweza kuchelewa itakavyo. Oktoba 2019 Katibu Mkuu António Guterres alitangaza hali mbaya ya ukwasi, yaani fedha taslimu ya kulipia matumizi. Kule New York ngazi za umeme zikazimwa, chemchemi ya maji ikazimwa, nafasi zilizo wazi zikaachwa bila kujazwa. Na kuna kanuni inayoniumiza mpaka leo: fedha isiyotumika mwishoni mwa kipindi hurejeshwa kwa nchi wanachama kama punguzo la michango yao ijayo, hata kama haikutumika kwa sababu tu michango ilichelewa. Unabana matumizi kwa kukosa fedha, kisha kule kubana kunahesabiwa kuwa ni ziada.

Sisi tuliishi kwa michango ya hiari, tena mingi ikiwa imefungwa kwenye mradi na nchi maalumu. Mwaka 2015 ahadi moja kubwa haikutimia. Nilipewa kiwango cha kupunguza na wiki tatu. Nafasi za kimataifa zina mikataba, haki za kuhamishwa, na wakuu wanaozitetea kwenye simu. Nafasi ya msaidizi wa stoo Goma haikuwa na wa kuitetea. Nilipitisha mstari kwenye nafasi kumi na moja za namna hiyo kwa mchana mmoja, na jumla yake haikufikia gharama ya mkurugenzi mmoja pamoja na posho zake. Jedwali lilifunga. Nilipongezwa kwa barua.

Ndiyo maana mwaka 2025, niliposoma kuhusu UN80, mpango wa mageuzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwezi Machi, na baadaye UNHCR, shirika la wakimbizi, wakisema wanaondoa nafasi karibu 3,500, sikuweza kuzisoma namba zile kama namba. Najua kupunguza hakukwepeki fedha isipokuwepo. Ninachowaomba wanaokaa leo kwenye kiti nilichokalia ni kwamba kabla ya kupiga mstari wamuulize mtu wa chini kabisa: ukiondoka wewe, saa moja usiku nani atakuwepo getini? Mimi sikuuliza. Kosa lile wakaguzi hawakuliona. Mwaka ule tulipata hati safi.

Niliporudi Nairobi nilifuta waraka wa saa 24. Nikaandika mwingine wa aya mbili: mafuta hayapokelewi baada ya saa kumi jioni, na hati ya kupokelea haitumwi bila kipimo cha kabla na cha baada, vimeandikwa na watu wawili. Taarifa zangu za mwezi zikawa mbaya kwa robo mwaka nzima na nikalazimika kuzieleza. Kuirudisha nafasi ya msaidizi kulichukua muda mrefu zaidi. Nilibisha hodi kwa wakuu wa programu mmoja baada ya mwingine mpaka wawili wakakubali kuigawana kwenye bajeti zao, nusu kwa nusu. Kijana yule alikuwa ameshapata kibarua bandarini, ziwani Kivu. Alirudi.

Hati ya kwanza ya mafuta waliyoipokea pamoja ilinifikia siku ya tano, imechelewa, ina doa la dizeli pembeni. Sahihi mbili, miandiko miwili tofauti. Oda ilikuwa ya lita 8,000. Mahali pa kujaza kiasi kilichopokelewa Papa alikuwa ameandika 7,940, na chini yake kijana amerudia kwa tarakimu kubwa zaidi, 7,940. Nilichukua kalamu nikaidhinisha lita 7,940.