Moyo Chini ya Mbao

Vitabu walivyokuwa wamepewa vilikuwa na picha za sungura. Vijana wa miaka 16 hadi 18, wengine ndevu zimeshaanza kuota, wanaketi nyuma ya darasa wameshika kijitabu cha watoto wa darasa la pili: sungura anakula karoti, sungura anakwenda sokoni. Wenzao wakipita dirishani wanawacheka. Ilikuwa mwaka 2016, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Tanga, nami nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Waliowapa vile vijitabu walikuwa na nia njema, hilo silikatai. Hawajui kusoma, basi waanzie mwanzo. Lakini kijana anayeendesha bodaboda ya mjomba wake wakati wa likizo, anayejua bei ya kila aina ya samaki sokoni Deep Sea, utamwambia nini kuhusu sungura na karoti? Alikuwa anakigeuza kile kitabu kifudifudi juu ya dawati ili jalada lisionekane.

Walikuwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Mmoja wao, huyo wa bodaboda, kwao Pangani, alikuwa na barua ya mtaalamu aliyempima Dar es Salaam, imeandikwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Wengine hawakuwa na barua yoyote. Niliwatambua kwa dalili, kwa sababu dalili hizo nimekua nazo nyumbani. Mdogo wangu aliacha shule akiwa darasa la sita, baada ya kuitwa mjinga mpaka naye akaamini. Leo anafungua injini ya boti ikiwa vipande vipande na kuirudisha mahali pake bila kuuliza mtu. Kwa hiyo nilipowaona wale sita sikuweza kuwapita.

Disleksia haiko machoni, wala haina uhusiano na akili kuwa nyingi au chache. Ugumu uko pale ubongo unapotakiwa kuunganisha sauti na herufi, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy: mwerevu, mwepesi wa hesabu, lakini kusoma kumemshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusikiliza tu, Percy ndiye angekuwa kijana hodari kuliko wote shuleni. Nilipoisoma habari hiyo nililia, kwa sababu mdogo wangu hakupata mwalimu wa kusema hivyo.

Kwa watoto wetu kuna jambo lingine linaloficha tatizo. Kiswahili kina huruma: herufi ikishapewa sauti, haibadiliki. Mtoto mwenye disleksia atachanganya b na d, atakwama kwenye mb na ng, atasoma sentensi moja wakati mwenzake amemaliza ukurasa, lakini atafika. Anamaliza darasa la saba akiitwa mzembe au mzito, basi. Akiingia sekondari karibu kila somo linageuka Kiingereza, na Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi zilezile leo zinatamkwa hivi, kesho vile. Hapo ndipo anaanguka mbele ya watu, naye ameshakuwa mtu mzima wa kuona aibu.

Niliwaomba kipindi cha Jumamosi mchana, baada ya chakula. Swali langu lilikuwa ni kisomwe nini. Jibu nililipata kwao wenyewe, kwa kuwasikiliza tu. Watoto wa Tanga wamelelewa na vitisho. Mapango ya Amboni yako hapo karibu, na kila mmoja ana toleo lake la habari ya Wazungu walioingia na mbwa wao wasitoke tena; watu wazima bado wanapeleka sadaka zao mle ndani kwa mizimu. Bwenini taa zikizimwa, hadithi za majini zinaanza, na mkali wa kuzisimulia alikuwa huyohuyo kijana wa Pangani ambaye darasani hakufungua mdomo. Alijua mahali pa kunyamaza, alijua wakati wa kushusha sauti. Mtu wa namna hiyo anaijua hadithi ni kitu gani. Alichokosa ni mlango wa kuingilia kwenye karatasi.

Nikachagua The Tell-Tale Heart, yaani moyo unaotoboa siri, ya mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe, iliyotoka kwa mara ya kwanza Januari 1843 katika jarida moja la Boston. Wapo waliotaka nichukue kitu chepesi kilichofupishwa. Nilikataa. Hadithi yenyewe ni fupi, unaimaliza kwa sauti bila kufika nusu saa. Msimulizi ni mtu mwenye papara anayejitetea kwamba hana wazimu, kwa hiyo sentensi zake zinakatika katika, anarudia neno, anarudia tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango uleule. Kwa msomaji anayepigana na kila neno, kukutana na neno alilolishinda mistari miwili iliyopita ni zawadi kubwa. Na hakuna atakayesema hii ni ya watoto wadogo. Ni habari ya mtu aliyemuua mzee asiyemkosea kitu, kwa sababu tu ya jicho lake moja la rangi ya samawati iliyopauka, lenye utando juu yake.

Niliichapa upya kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari, maneno machache kwa kila ukurasa, nikaitoa fotokopi. Kila mmoja nikampa rula ya kuweka chini ya mstari anaousoma. Kazi yao siku ile ilikuwa kufuata kwa macho na masikio huku mimi nasoma. Niliwaahidi kwamba sitamwinua mtu yeyote asome, na nikaona mabega yakishuka.

Tulikaa maabara. Jua la saa nane, bati linalia kwa joto, hakuna hata kimoja cha kutisha hapo. Kabla hawajaingia nilikuwa nimechukua saa yangu ya mezani, ile ya kengele, nikaiviringisha ndani ya khanga na kuifungia kwenye droo ya meza. Sikuwaambia.

Nilisoma taratibu, kila aya nikiimaliza naieleza kwa Kiswahili. Usiku baada ya usiku yule mtu anafungua mlango wa chumba cha mzee kidogo kidogo, anaingiza kichwa, anafungua taa upenyo mmoja tu ili mwali mwembamba uangukie lile jicho. Usiku saba jicho limefumba. Wa nane, mzee anaamka na kuketi kitandani gizani, na yule mtu anasimama pale asiinue mguu, saa nzima. "Saa nzima, madam?" mmoja aliuliza, kisha akaangalia mwenyewe kwenye karatasi yake, akatafuta, akalipata neno hour, akatikisa kichwa. Sikumwambia atafute.

Tulipofika mahali anapoficha mwili chini ya mbao za sakafu, somo lilisimama.

"Madam, alivunja sementi peke yake usiku ule? Majirani wasisikie?"

Swali la haki kabisa. Wote sita walikuwa wanaona akilini sakafu ya nyumba zao. Nikawaeleza kuhusu nyumba zenye sakafu ya mbao, ubao mmoja mmoja, na nafasi tupu chini yake, kama ghorofa za majengo ya zamani ya Wajerumani kule mjini. Msichana mmoja aliyekuwa akienda kumsaidia shangazi yake usafi katika jengo kama hilo akasema, "Kumbe! Ndiyo maana ukikanyaga zinalia." Basi alivuta kiti chake mbele. Tangu hapo alinifafanulia mimi kila kitu: jinsi ubao unavyong'oka, jinsi vumbi linavyotoka, jinsi unavyoweza kurudishwa usijulikane.

Wakaja polisi watatu, kwa kuwa jirani alisikia yowe. Muuaji anawakaribisha, anacheka nao, anaweka kiti chake mwenyewe juu ya zile mbao. Kisha anaanza kusikia sauti. Poe anaieleza kuwa ni sauti ya chini, nzito, ya haraka, kama saa iliyofungwa ndani ya pamba. Nikaisoma sentensi hiyo, nikanyamaza.

Ndani ya droo saa ilikuwa inagonga.

Aliyesikia kwanza ni mvulana aliyekaa karibu na meza. Rula ilimdondoka. Kisha wote wakasikia, na mmoja akasema "Audhubillahi" kwa sauti ndogo kabisa. Niliwaacha kidogo, kisha nikavuta droo na kufunua khanga. Walicheka mpaka wakapigana mabega. Lakini ukurasa ule wa mwisho, ambapo sauti inazidi, inazidi, neno louder, yaani kwa sauti zaidi, likirudi na kurudi mpaka muuaji anapiga kelele na kukiri mwenyewe, waliusoma pamoja nami bila kuambiwa. Sita kwa pamoja, wengine nyuma ya wenzao kwa neno moja au mawili, wakiongeza sauti kila neno lile linaporudi. Wapishi walichungulia kutoka jikoni.

Nilidhani tumemaliza. Msichana yule wa mbao akasema moyo wa mzee ulikuwa unapiga kweli, kwa sababu damu isiyo na hatia haikubali kufunikwa. Mwingine akasema polisi walisikia lakini walijifanya hawasikii. Kijana wa Pangani akasema hapana. Hakuna moyo. Muuaji ameusikia peke yake.

"Una ushahidi gani?" msichana akamuuliza.

Akakusanya karatasi zake, akaanza kurudi nyuma. Akapita ukurasa wa polisi, wa mbao, wa jicho, akafika ule wa kwanza kabisa. Akaweka rula. Tukasubiri. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye kidevu, nami nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nisije nikamsaidia.

"I heart many things in..." Akasimama. "Heart." Akajua haiendi. Akarudi mwanzo wa mstari, heart tena, akagonga kwa kidole kwa hasira.

Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa, neno juu ya neno: heart, heard. La kwanza ni moyo, la pili ni kusikia; hadithi hii imejaa hayo mawili, na kwa mtoto mwenye disleksia ni mapacha wanaobadilishana nguo. Nikamwambia, "Mwanangu, tazama mkiani." Akaziba mwanzo wa neno kwa kidole gumba, akaona d, akakiondoa.

"I heard many things in hell."

Aliisoma yote, neno kwa neno. Kisha akageuka kwa yule msichana, si kwangu, akaeleza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya bwenini: "Huyu mtu anasema mwenyewe kwamba anasikia mambo ya jehanamu. Mwanzo kabisa, kabla hajaua. Sasa anayesikia jehanamu yuko hai, moyo wa maiti utamshinda?"

Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu hadithi hii, na hoja hiyo inasimama mbele ya mwalimu yeyote wa fasihi. Kijana aliyekuwa akipewa sungura ameitoa kwenye maandishi ya mwaka 1843, kwa lugha iliyomtesa, kwa sababu alikuwa na ubishi wa kushinda. Msichana hakukubali. Naye akaanza kufunua karatasi zake kutafuta mahali mzee anapopiga yowe, na ubishi ukaendelea mpaka kengele ya usafi.

Sitaki kudanganya mtu. Mwaka ule kijana wa Pangani hakuvuka upimaji wa kidato cha pili, akarudia darasa, na hata aliporudia alibaki kusoma polepole. Disleksia haiondoki kwa hadithi. Walimu wawili wa masomo mengine walikubali kumsomea maswali kwa sauti kwenye majaribio yao, na alama zake kwao zikapanda. Wengine walisema huo ni upendeleo, na mpaka leo sielewi ni upendeleo gani kumsomea mtu swali ili ajibu kwa akili yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimewaandalia The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902, ile ya mkono mkavu wa nyani unaotimiza maombi matatu kwa namna ambayo mwombaji atajuta. Nilipofika maabara mlango ulikuwa wazi. Kijana wa Pangani alikuwa ameshakaa, rula mkononi, anaomba karatasi zake kabla sijaweka mkoba chini.

"Shikamoo madam. Leo naanza kusoma mimi," akasema. "Hawa wakitangulia wataniharibia mwisho."