1,700 ilikuwa ya mtu mwingine

Jumapili, usiku

Wiki ya 5 sasa mizani imenigomea. Leo asubuhi nimepanda kabla hata ya kunywa maji: 79.3. Jumapili iliyopita ilikuwa 79.1, na ile ya nyuma yake 79.6. Nimeshuka, nikaisogeza pale sakafu ilipo sawa zaidi, nikapanda tena, kana kwamba kosa ni la sakafu. 79.3.

Siku kama hizi huwa najipekua kama mtuhumiwa. Nimekula nini ambacho sikukiandika? Nimeramba kijiko gani wakati wa kupika? Nikafungua daftari langu la chakula, nikarudi nyuma wiki zote 5. Siku 3 tu ndizo nilizovuka lengo, tena kidogo. Sikuiba popote. Hapo ndipo hasira ilipogeuka mshangao, nikatafuta ile karatasi ya zamani niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, ambayo nimeifuata kwa utii miezi 10 bila kuisoma.

Juu yake nimeandika kwa mkono wangu: uzito, kilo 94.

Ninaikumbuka siku ile. Nilitumia kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyotoka mwaka 1990, ambayo haihitaji zaidi ya kalamu. Unachukua uzito wako kwa kilo mara 10, unajumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, unatoa umri wako mara 5, kisha mwanamke anatoa 161 na mwanamume anaongeza 5. Jibu ni makadirio ya kalori ambazo mwili unazichoma kwa siku hata ukishinda umelala: kupumua, kusukuma damu, kujipa joto. Mimi nina sentimita 164 na nilikuwa na miaka 41, nikapata 1,599. Nikazidisha kwa 1.375, kipimo cha mtu anayekaa sana ila hutembea kidogo, ikawa karibu 2,200. Nikatoa 500 ili nipungue, nikabaki na 1,700 za kula kwa siku. Tangu hapo 1,700 ikawa kama dini. Niliitaja hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Sasa nimepungua kilo 15, na sikuwahi kuigusa hesabu ile. Si kwamba sikukumbushwa. Programu ya simu ninayoandikia chakula iliniuliza zaidi ya mara moja kama nataka kubadilisha lengo, na kila mara nilibonyeza "baadaye". Nikiwa mkweli, niliogopa. Nilijua swali lile lina jibu moja tu: utakula kidogo zaidi. Na ni dhuluma ya namna yake hii, kwamba malipo ya kufanikiwa ni sahani kupunguzwa.

Leo nimeirudia hesabu kwa kilo 79. Mwili wangu ukiwa umetulia unachoma karibu 1,450, na ukiweka shughuli zangu za kawaida ni kama 1,990. Kwa hiyo nikila zile 1,700 zangu, upungufu si 500 tena. Haufiki hata 300. Sijabadilisha chochote, ila ardhi imesogea chini ya miguu yangu.

Kwa nini isogee, nimelielewa vizuri zaidi jana kuliko leo na kalamu yangu. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 3 na nusu, na walipompima majuzi alikuwa na kilo 15 kasoro kidogo. Alilala njiani, nikampandisha ngazi mgongoni. Tulipofika juu moyo ulikuwa unanidunda masikioni, yeye akafumbua macho akaniuliza, "Shangazi, mbona unapumua hivyo?" Miezi 10 iliyopita nilikuwa na mzigo wa uzito ule ule mwilini, saa 24, nikilala nao, nikiinama nao kufunga viatu. Kuubeba kulikuwa kazi, na kazi inachoma. Nimeutua mzigo, na mshahara wa kuubeba nao umekoma.

Tena si mzigo tu. Kuna utafiti wa Leibel, Rosenbaum na Hirsch wa mwaka 1995, uliopima watu waliopoteza asilimia 10 ya uzito na kuubakiza hapo. Miili yao ilitumia nishati kidogo kuliko ambavyo ungetarajia kwa ukubwa wao mpya. Mwili hauchukui kupungua kama ushindi. Unakuwa bahili: unakuongezea njaa, unakupunguzia vile vijishughuli visivyo na jina, kutikisa mguu, kusimama bila sababu, kwenda chumba kingine kufuata kitu ambacho ungeweza kumtuma mtu. Mimi najiona. Zamani nikiongea na simu nilikuwa nazunguka nyumba nzima. Siku hizi naongea nimekaa, nimejifunika shuka miguuni, na hata sijui tabia hiyo ilianza lini.

Halafu kuna kijiko.

Hili limeniuma zaidi kwa sababu ni langu mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa napima mafuta ya kupikia kwa mizani ndogo ya jikoni. Baada ya miezi kadhaa nikajiona nimehitimu, nikaanza kumimina kwa jicho na kuandika "kijiko 1". Kijiko cha mezani cha mafuta ni gramu 14 hivi, kama kalori 125, maana kila gramu ya mafuta ni kalori 9. Leo mchana nimemimina kama kawaida yangu, kisha nikapima kilichomiminwa. Gramu 22. Karibu kalori 200. Na kwa siku namimina mara 2. Yaani kuna kama kalori 150 kila siku ambazo daftari halikuwahi kuzisikia. Niliposema sikuiba nilikuwa naamini hivyo kabisa.

Basi weka yote pamoja. Upungufu wa 290 toa 150, unabaki na 140 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori kama 7,700. Katika wiki 5 zote, hesabu inasema nimeunguza kilo 0.6 tu, na maji peke yake yanaweza kunipandisha au kunishusha kilo 1 au 2 kati ya siku na siku: chumvi ya jana, siku zangu za mwezi, usingizi mbaya. Kumbe mizani haikugoma. Ilikuwa inasema jambo dogo mno mbele ya kelele za maji.

(Hiyo 7,700 nayo ina visa vyake. Ni binamu wa ile kanuni ya kalori 3,500 kwa ratili, ambayo daktari Max Wishnofsky aliiandikia mwaka 1958. Watu huichukua kana kwamba ukipunguza 500 leo utapungua nusu kilo kila wiki mpaka utoweke. Ingekuwa hivyo ningekuwa na tarehe ya kutoweka.)

Jioni nikampigia dada yangu mkubwa, nikamsomea hesabu zote, na hitimisho langu kwamba kuurudisha upungufu wa 500 inabidi nishuke hadi 1,490. Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu," akasema, "nani anakukimbiza?"

Nikaanza kumjibu, nikakosa. Nilipokata simu nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria: je, nikibaki na 1,700 yangu bila kuigusa, nitaishia wapi? Niligeuza kanuni kichwa chini miguu juu. Jibu ni kilo 58, angalau kwenye karatasi. Ni chini kabisa ya ninakotaka kwenda. Ninakotaka ni 70, na mtu wa kilo 70 mwenye urefu wangu na shughuli zangu anatumia karibu 1,860 kwa siku. Maana yake 1,700, ikipimwa kwa uaminifu, ingenifikisha. Tena nikishafika ningeruhusiwa kuongeza. Nimeitazama 1,860 kwa muda mrefu. Hicho ndicho chakula cha maisha yangu yote yaliyobaki, na ni zaidi ya ninachokula sasa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, labda kwa sababu sikuwahi kuuliza cha baada ya kufika.

Mtaalamu wa lishe niliyemwona mwanzoni alinionya jambo moja ambalo nimelishika: mwanamke asishuke chini ya 1,200 kwa siku bila daktari kumfuatilia. Siko huko, ila naijua njia inayokwenda huko. Ni hii hii: mizani inagoma, unakata 200, inagoma tena, unakata 200 nyingine, na kila unapokata unatembea kidogo zaidi na kuchoka haraka zaidi, mpaka siku moja unasimama mbele ya kabati usiku wa manane na hujui mkono gani umelifungua.

Kwa hiyo 1,490 nimeikataa. Nimeandika 1,650. Hizo 50 ni kidogo mno kuzihisi tumboni, na 150 za kijiko nitazirudisha kwa kupima mafuta kwa gramu, kama nilivyofanya nilipokuwa bado mnyenyekevu. Simu nitaongea nikiwa nimesimama. Hesabu nitairudia kila nikipungua kilo 5, si kila wiki, maana najijua, nikiipa nafasi nitaipiga kila asubuhi. Nami nitalinganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, na Jumapili moja isipate tena mamlaka ya kuniharibia Jumapili.

Nikaifungua programu, nikabonyeza pale nilipokuwa napakwepa. Uzito, 79. Urefu ule ule, angalau huo haunidai kitu. Kwenye umri palikuwa bado pameandikwa 41, na nimetimiza 42 tangu mwezi juzi. Nikabadilisha. Imenikata kalori 7 papo hapo, bila hata kunitakia heri.